Kwanza Kizima, Kisha Kipande

Apitaye leo katika vitongoji vinavyoizunguka Dar es Salaam, kuanzia Chanika hata Bunju, hukutana aghalabu na maandishi ya rangi nyekundu yaliyopakwa juu ya kuta, juu ya mageti, na pengine juu ya magogo ya miembe, nayo yote husema neno moja kwa namna mbalimbali: eneo hili haliuzwi, nyumba hii haiuzwi, ogopa matapeli. Mwenye mali asiye na nia ya kuuza hulazimika kutoa fedha yake kununua kopo la rangi ili aujulishe ulimwengu kwamba hauzi. Ni mali gani nyingine iliyo na sharti hili? Hakuna mfugaji amvikaye mbuzi wake kibao shingoni kutangaza kuwa hauzwi. Ardhi peke yake, kitu kisichobebeka wala kufichika, ndiyo huibwa mchana kweupe mbele ya macho ya mwenyewe.

Wengi huwalaani matapeli, nami siwatetei. Lakini tapeli huingia pale alipokuta mlango wazi, na mlango huo tumeufungua sisi wenyewe kwa kuupindua utaratibu ambao wapima ardhi wa mataifa mengi wameufuata kwa karne nyingi, yaani kwamba mtu aanze kwa kupima kizima, kisha ashuke kwenye kipande, wala asianze kamwe na kipande akitaraji kwamba vipande vikikutana vitazaa kizima. Sisi huanza na kipande. Hujenga chumba, kisha choo, kisha ukuta. Na miaka 20 ikipita ndipo tunapomwita mpima aje atutafutie barabara, ambayo kwa wakati huo imekwisha kuwa sebule ya mtu. Rai yangu katika makala haya ni kwamba upimaji wa ardhi si anasa ya mwenye fedha, wala si karatasi ya kutafutwa baada ya nyumba kwisha. Ndilo jambo la kwanza, na misingi yake ni myepesi kiasi kwamba kila kaya inayotaka kununua ardhi yaweza kuifahamu, na yapasa iifahamu, kabla ya kutoa senti moja.

Eka ya miguu

Katika vipimo vyetu vyote hakuna kilichozoeleka kama mguu wa dalali. "Hapa ni eka kamili, mama, hatua 70 kwa 70," husema, akaanza kutembea, naye mama anayenunua humfuata nyuma akihesabu kwa sauti ndogo, mkoba wa fedha ameubana kwapani. Kanuni hiyo ya hatua 70 haikuzuka kwa ujinga. Eka moja ni wari za mraba 4,840, na mtu akitembea wari 70 kwa wari 70 hupata wari za mraba 4,900, kiasi kinachoikaribia eka kwa ziada ndogo tu. Aliyeiweka kanuni hiyo alikuwa mtu wa hesabu. Walakini hesabu yake inataka kila hatua iwe wari moja, yaani sentimita 91, na dalali wa kimo cha kadiri, juani, katika mchanga na magugu, huenda akachukua hatua ya sentimita 75. Hatua 70 za namna hiyo ni mita 52 na nusu, na shamba lenye upande wa urefu huo lina mita za mraba 2,756, ilhali eka ni mita za mraba 4,047. Mama amelipa eka nzima, akapewa theluthi mbili na chembe. Hakuna aliyesema uongo, hakuna aliyeghushi hati, na pengine dalali mwenyewe ataapa kwa moyo safi kuwa alitenda insafu.

Tena pana jambo la pembe. Shamba lenye pande nne zilizo sawa laweza kuwa mraba, na laweza vilevile kuwa mraba ulioegemea upande. Na likiegemea hata pembe yake moja ikawa digrii 60 badala ya 90, pande zitabaki na urefu ule ule, lakini eneo la eka litashuka hadi mita za mraba 3,500 hivi. Kila fundi mwashi achimbaye msingi analijua jambo hili, ndiyo maana huvuta uzi futi 3 upande huu na futi 4 upande ule, kisha akataka mshazari utimize futi 5, ndipo aridhike kwamba kona imekaa sawa. Ajabu ni kwamba fundi huyo huyo, aendapo kununua kiwanja chake mwenyewe, huuacha uzi nyumbani.

Wazee wetu hawakuwa na mpima mwenye chombo, lakini hawakuwa gizani. Uchagani walipanda masale mpakani, na pwani walipanda minyaa na mibono. Penginepo mpaka ulikuwa mwembe wa babu fulani, au kijito, au mnazi uliopindika ambao kila mtoto wa kijiji aliujua. Mipaka hiyo ililindwa na dhima ya jirani kwa jirani, na wacha Mungu walikumbushana kwamba adhulumuye shibiri moja ya ardhi atavishwa shingoni Siku ya Kiyama hata tabaka saba za chini. Utaratibu huo ulifaa madhali mnunuzi na muuzaji walikuwa watoto wa mtaa mmoja. Lakini shahidi wa mpaka akiwa ni mtu, mpaka huzikwa pamoja naye. Mnazi hukatwa, kijito huhama kwa gharika ya masika moja, na mnunuzi wa siku hizi ni mgeni aliyeunganishwa na muuzaji kwa simu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la ardhi ni ramani.

Kivuli cha Aswan na uwanda wa Sinjar

Yamkini msomaji atauliza kizima hicho ninachokisema ni kipi. Kizima cha mwisho ni dunia yenyewe, na wanadamu waliipima zamani sana. Karibu mwaka 240 kabla ya Masihi, Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Iskandaria, alipata habari kwamba katika mji wa Syene, ambao leo ni Aswan, siku ile jua linapofika kikomo chake cha kaskazini, mwanga wake wa adhuhuri huangaza hata chini ya kisima. Ilhali Iskandaria, siku ile ile na saa ile ile, mti uliosimamishwa wima ulitupa kivuli cha pembe ya digrii 7 na sehemu mbili za kumi, ambayo ni sehemu moja katika 50 ya duara kamili. Akafanya hesabu yake kwa utulivu: umbali wa miji ile miwili, uliokadiriwa kuwa stadia 5,000 kwa kipimo cha Wayunani, lazima uwe sehemu moja katika 50 ya mzingo wa dunia, basi mzingo wote ni stadia 250,000. Kipande kimoja cha ardhi ya Misri kilimwambia ukubwa wa ulimwengu, kwa sababu alijua kipande hicho ni sehemu ya ngapi ya kizima chake.

Katika karne ya 9 khalifa al-Ma'mun wa Baghdad hakuridhika na kupokea habari za Wayunani bila kuzihakiki. Aliwatuma wanafalaki wake katika uwanda wa Sinjar, kaskazini mwa Iraki, wakagawanyika makundi mawili, moja likaelekea kaskazini na jingine kusini, wakinyoosha kamba na kupigilia vigingi jangwani, hata kimo cha Nyota ya Kaskazini kilipobadilika kwa digrii moja wakasimama na kuhesabu; wakapata maili za Kiarabu 56 na theluthi mbili kwa kila digrii. Miaka 200 baadaye al-Biruni, mtu ambaye kwa maoni yangu hatajwi vya kutosha katika shule zetu, aliona kwamba kazi ya kuburuta kamba jangwani yaweza kuepukwa. Katika ngome ya Nandana, ambayo leo imo Pakistan, alipima kimo cha mlima, akapanda kileleni, akapima ni kiasi gani upeo wa macho umeshuka chini ya mstari wa bapa, na kwa pembe hiyo moja ndogo akaikokotoa nusu kipenyo ya dunia, akalikaribia sana jibu tulilo nalo leo.

Baada yao walikuja Wafaransa wa karne ya 18, waliopeleka misafara miwili, mmoja nchi za Ikweta huko Amerika ya Kusini mwaka 1735 na mwingine Lapland mwaka 1736, wakathibitisha kwamba dunia si tufe kamili: imebonyea kwenye ncha na kutanuka kiunoni, hata nusu kipenyo yake kwenye Ikweta ni kilomita 6,378 na kwenye ncha ni kilomita 6,357. Tofauti hiyo ya kilomita 21 haimnyimi usingizi mkulima. Mpima, hata hivyo, hawezi kuchora nchi nzima bila kuijua, na ambapo nchi haikuchorwa shamba haliwezi kuchorwa.

Vilima kutoka Rasi hata Misri

Je, kipimo cha dunia hushukaje hata kikafika kwenye kona ya kiwanja? Kwa karne kadhaa kilishuka kwa pembetatu. Ukijua urefu wa upande mmoja wa pembetatu na pembe zake mbili, pande nyingine mbili hujulikana kwa hesabu, bila mtu kuzikanyaga. Kwa hiyo wapima walichagua uwanda, wakapima humo mstari mmoja kwa uangalifu wa kupindukia. Kisha wakapanda vilima, wakatazama kutoka kilima hata kilima kwa theodolaiti, wakipima pembe tu, pembetatu moja ikiegemea ubavu wa nyingine. Mchana waliangaziana kwa vioo vilivyorudisha mwanga wa jua, na usiku kwa taa.

Mlolongo mrefu wa pembetatu hizo katika bara letu ulianza katika fikra ya David Gill, mwanafalaki wa serikali aliyefika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1879, aliyetaka ipimwe safu moja kuifuata longitudo ya digrii 30 mashariki, toka kusini mwa Afrika hata Misri. Sehemu ya Uganda ilipimwa mwaka 1908 na 1909. Sehemu ya magharibi ya Tanganyika ilipimwa miaka ya mwanzo ya 1930 chini ya Martin Hotine. Na pengo la mwisho, katika Sudan, lilizibwa mwaka 1954. Umri wa mtu mzima ulipita kati ya fikra na utimilifu wake. Mizigo mingi ya vyombo, taa na maji, kilima baada ya kilima, ilipandishwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi.

Kutokana na kazi hiyo ulizaliwa mfumo uitwao Arc 1960, ambao ramani za Tanzania, Kenya na Uganda zimeutegemea miaka mingi. Hapa napenda nikae kidogo, maana jambo hili huvunja udugu wa watu mitaani bila wao kujua chanzo. Simu tulizo nazo mifukoni hutumia mfumo mwingine, WGS 84, unaopima kutoka kitovu cha dunia kwa satelaiti, na katika nchi zetu mifumo hii miwili hupishana kwa kadiri ya mita 300. Kijana aliyerithi ramani ya kiwanja cha marehemu baba yake, akazisoma tarakimu za kona na kuziingiza katika simu bila kuzigeuza kwanza kutoka mfumo huu kwenda ule, ataongozwa hata ng'ambo ya pili ya mtaa, penginepo katikati ya uwanja wa shule, na atarudi nyumbani akisema mpima wa zamani alikuwa mwizi. Tarakimu ni sahihi. Simu nayo ni sahihi. Kijana ameshika kipande bila kuuliza kilikatwa katika kizima kipi.

Hata mlima Kilimanjaro haukusalimika na ikhtilafu ya namna hii. Kimo chake kilichopimwa mwaka 1952 ni mita 5,895, ambacho watoto wetu wangali wakikariri. Kilipopimwa tena kwa satelaiti mwaka 1999 kikawa mita 5,892 na ushei, na wako waliodhani mlima umedidimia. Mlima uko pale pale. Kilichobadilika ni namna ya kupima, pamoja na swali gumu ambalo mtembezi halifikirii, yaani usawa wa bahari uko wapi chini ya mlima ulio mbali na bahari.

Mteremko hauuzwi

Turudi kwenye kiwanja. Mpima wa leo aendaye kazini na chombo kiitwacho totali stesheni huifungua miguu mitatu, akaikanyaga mmoja mmoja ardhini mpaka ikamatwe na udongo, akakiweka chombo juu yake, kisha huhangaika kwa skrubu ndogo hadi povu la pimamaji litulie katikati na kitovu cha chombo kikae sawasawa juu ya chuma kilichomo ndani ya bikoni, yaani alama ya mpima iliyochimbiwa ardhini. Kabla ya kutazama mbele hutazama nyuma, kwenye bikoni nyingine ambayo mahali pake panajulikana, maana asiye na pa kuegemea hana pa kuelekea. Ndipo msaidizi aendapo kona kwa kona akishika fimbo yenye prizma, naye mpima huandika pembe na umbali. Mwisho wa yote hurejea alipoanzia. Hapo ndipo penye siri ya kazi: tarakimu za kurudi hazilingani kabisa na zile za kuondoka, kwa kuwa hakuna kipimo cha mwanadamu kisicho na kosa, lakini tofauti ikiwa ndani ya kiasi kilichoruhusiwa huigawa kwa kila kona kwa kadiri yake, na ikizidi huanza kazi upya.

Kwa hiyo mnunuzi akitaka kumjua mpima wa kweli, na siku hizi vishoka ni wengi, asimuulize kwanza bei. Amuulize: "Fundi, umeanzia bikoni gani, na ulipofunga kazi ulikosa kwa kiasi gani?" Mwenye elimu ya kazi atajibu kwa furaha na kuonyesha namba. Aliyesimamisha fimbo nne na kunyoosha kamba ya katani ataanza kufoka.

Jambo jingine linaloleta manung'uniko, hasa Lushoto na katika miteremko ya Uluguru, ni urefu wa ardhi iliyoinama. Mwenye shamba hulaza futi ya mkanda juu ya mteremko kutoka kona ya juu hata ya chini, akapata mita 50. Hufungua ramani, akaona mita 43 na sentimita 30. Akahukumu palepale kwamba karibu mita 7 zimemezwa ofisini. Hakuna aliyezimeza. Mteremko wa digrii 30 ulio na mita 50 hufunika bapa la mita 43 na sentimita 30, na ramani huandika bapa. Tena ni haki iandike hivyo, kwa sababu nyumba husimama wima, migomba huota wima, na ukuta wa jirani hupanda wima; ardhi iliyoinama haiongezi nafasi ya kusimamishia vitu hivyo, ijapokuwa huongeza jasho la kuipanda. Nimewasikia watu wazima, wenye heshima zao, wakihasimiana kwa jambo hili, na neno moja kutoka kwa mpima siku ya kwanza lingaliwatosha.

Mji uliotangulia njia

Kipande kikitangulia kizima, matokeo yake huonekana kwanza chooni. Shimo la nyumba ya nyuma hujaa, gari la kunyonya majitaka huja, hukwama kwenye kichochoro kisichopitisha hata mkokoteni, na mpira wake haufiki. Mwenye nyumba hungoja mvua ya usiku afungulie mtaroni, na asubuhi watoto wa mtaa mzima huyakanyaga maji yale wakienda shule. Nyumba ikishika moto, gari la zimamoto husimama barabara kuu. Mgonjwa hubebwa mgongoni, na jeneza hupitishwa likiwa limeinuliwa juu ya kuta, waombolezaji wakijibanza mmoja mmoja. Hata bomba la maji hutaka njia ya kupita, na kila mwenye kiwanja husema lipite kwa jirani.

Karatasi nazo zimeandikwa kwa mtindo ule ule. Mauziano mengi hufanyika mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na hati yake husema kaskazini kiwanja kimepakana na Bwana fulani, kusini na Bi fulani, mashariki na mzee fulani, magharibi na njia. Hati hiyo ina mihuri na mashahidi, na siku ya kuandikwa ilikuwa kweli tupu. Lakini kila kiwanja kimeelezwa kwa majina ya majirani, na kila jirani ameelezwa kwa majina ya majirani zake. Wakiuza wote wanne na kuhama, nayo njia ikajengwa kibanda cha chips, hati hubaki ikieleza mahali pasipokuwapo. Tapeli hahitaji zaidi ya hapo. Humchukua mnunuzi wa pili, humwonyesha kiwanja kile kile, na kumtajia majirani wapya.

Serikali imejitahidi kwa urasimishaji wa makazi, ambapo wakazi huchangishana, kamati ya mtaa hutembea na mpima, na kila mmoja huombwa aachie nusu mita ya baraza lake ili njia ipatikane. Mimi nauunga mkono urasimishaji, kwa maana aliyepata hati, hata kama ni ya kiwanja kilichopinda, ana kitu cha kuwawekea watoto wake na cha kumwonyesha mtu wa benki. Ila tusijidanganye kuiita kazi hiyo mipango miji. Mpima aliyeitwa baada ya kuta huandika tu yaliyokwisha kutokea, na gharama ya kuchelewa humwangukia yule wa nyuma kabisa, aghalabu mpangaji au mjane, ambaye njia ya mita mbili haikumfikia.

Kipimo cha mwenye nguvu

Insafu yataka niseme pia upande wa pili, maana watu wetu wana sababu ya kumtazama mpima kwa jicho la shaka. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kwamba milki ya Sultani wa Unguja barani iwe ukanda wa maili 10 za baharini, zikipimwa kutoka pwani ya maji kujaa kwenda bara, na mstari huo ulipita katikati ya mashamba, makaburi na malisho ya watu ambao hakuna aliyewauliza. Mwaka 1895 amri ya kifalme ya Wajerumani iliitangaza ardhi waliyoiona haina mwenyewe kuwa mali ya dola, huku kutokuwa na mwenyewe kukipimwa kwa macho ya mgeni. Pwani ya Kenya sheria ya mwaka 1908 ilitaka wenye madai wajitokeze na kuyathibitisha, na walioishi kwa desturi bila hati, Wamijikenda wengi miongoni mwao, walijikuta wageni juu ya ardhi ya mababu zao. Hivyo mwanakijiji anayewaona vijana wenye vigingi na vizibao vya manjano akauliza wametumwa na nani, hana ujinga wowote. Ameuliza swali lililo haki yake.

Lakini historia hiyo haisemi tukimbie kipimo. Wale waliopoteza walipoteza kwa kuwa kipimo kilikuwa mikononi mwa upande mmoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Na. 5 ya mwaka 1999, imeweka kitu ambacho nakihesabu kuwa miongoni mwa mambo ya busara tuliyoyaandika tangu uhuru: mipaka ya kijiji chenyewe ijulikane na kupata cheti chake, mkutano wa kijiji upange wapi ni malisho, wapi mashamba, wapi msitu na wapi makazi, kisha kaya zipewe hati za hakimiliki ya kimila. Palipofuatwa utaratibu huo, mfugaji na mkulima hugombana bado, maana ni wanadamu, ila hugombana wakiwa na ramani moja mezani. Mijini hatukufanya hata hilo, ijapokuwa mijini ndiko kwenye wapima wengi na vyombo vingi.

Kiwanja cha warithi

Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad zama zile zile za al-Ma'mun, aliandika kitabu cha aljebra ambacho ndani yake mna mlango wa kupima maeneo na mlango mrefu wa wasia na mafungu ya warithi. Mambo hayo mawili alikuwa na haki ya kuyaweka ndani ya jalada moja. Unguja, ambako baada ya Mapinduzi ya 1964 watu waligawiwa eka tatu tatu, wajukuu sasa wanagawana eka hizo, na Bara viwanja vya mita 20 kwa 20 vinagawanywa kila siku katika vikao vya baada ya arobaini.

Chukua kiwanja kama hicho, mita za mraba 400, ambacho marehemu amekiacha kwa mjane, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, na familia imeamua kukigawa kwa sheria ya Kiislamu. Mjane hupata thumuni, yaani mita za mraba 50; zilizobaki, 350, huwa mafungu matano, kila mwana wa kiume 140 na binti 70. Hesabu ni halali na kadhi ataipitisha. Lakini ikianza hivyo, na kila mmoja akajenga ukuta kuzunguka fungu lake, atakayeangukia nyuma atafika kwake kwa hisani ya kaka, na kaka akioa mke asiyependa wageni hisani hiyo itakwisha.

Wakimwita mpima kabla ya kugawa, atawauliza kwanza njia ipite wapi. Njia ya upana wa mita 2 kutoka mbele hadi nyuma ya kiwanja huchukua mita za mraba 40, ambazo zitakuwa za wote na kuandikwa hivyo. Zinabaki 360. Thumuni ya mjane ni 45. Zilizosalia ni 315, kila mwana wa kiume anapata 126 na binti 63, na hakuna fungu lisilogusa njia. Kila mmoja amepoteza sehemu moja katika 10 ya mgao wake. Mchoro wake ni karatasi moja. Warithi wote wautie sahihi siku hiyo hiyo, wakiwa bado wanakula sahani moja, na bikoni zichimbiwe kabla tofali la kwanza halijashushwa.